Kumbukumbu ya Kompyuta

Huenda katika shule yenu, au katika ofisi iliyo karibu nanyi, iko kompyuta ya zamani. Ukiiwasha, hukaa muda mrefu kabla ya kuwa tayari kwa kazi. Ukiandika neno, herufi huchelewa kutokea kwenye kioo. Watu huitazama na kusema, "Hiyo imezeeka. Haifai tena." Je, ni kweli kwamba kompyuta huzeeka na kuchoka kama mtu au mnyama? Je, wale wanaosema haifai wameichunguza kwanza?

Mwanasayansi hatoi hukumu kabla ya kuchunguza. Katika sura hii utajifunza sababu moja kubwa inayofanya kompyuta ya zamani iende polepole. Utafanya jaribio wewe mwenyewe pamoja na wenzako. Mwishoni utaweza kusaidia kuamua kama kompyuta fulani itupwe au itengenezwe.

1. Prosesa, kumbukumbu na diski

Ndani ya sanduku la kompyuta mna vifaa vingi. Leo tutajifunza habari za vifaa vitatu.

(a) Prosesa. Hiki ndicho kifaa kinachofanya kazi yenyewe. Hujumlisha, hutoa, hulinganisha namba, na hufuata maagizo ya programu moja baada ya jingine.

(b) Kumbukumbu. Hapa huwekwa kazi inayofanywa sasa hivi. Mafundi huiita RAM. Ni kibao chembamba chenye vipande vyeusi vilivyopangwa kwa safu. Umeme ukikatika, yote yaliyomo katika kumbukumbu hupotea. Ndiyo maana mtu aliyeandika barua ndefu bila kuihifadhi huipoteza kompyuta inapozimika ghafla.

(c) Diski. Hapa huhifadhiwa programu, barua na picha kwa muda mrefu. Umeme ukikatika, vilivyomo katika diski havipotei. Diski ya kompyuta nyingi za zamani ni kisahani kinachozunguka kwa kasi. Juu yake kuna mkono mdogo unaokwenda mbele na nyuma kutafuta kinachotakiwa.

Ili uelewe vizuri, mfikirie mwalimu wako anaposahihisha madaftari. Mwalimu ni kama prosesa, kwa sababu yeye ndiye anayefanya kazi. Meza yake ni kama kumbukumbu, kwa sababu juu yake huweka madaftari anayoyatumia sasa. Kabati ni kama diski, kwa sababu humo huhifadhiwa vitabu na madaftari yote.

Watu wengi huchanganya meza na kabati. Kompyuta inaweza kuwa na diski kubwa sana, lakini kumbukumbu yake ikawa ndogo. Hiyo ni sawa na mwalimu mwenye kabati linalofika darini na meza inayotosha daftari moja tu.

2. Kupima kumbukumbu

Urefu hupimwa kwa mita, na uzito hupimwa kwa kilo. Kumbukumbu hupimwa kwa baiti. Katika maandishi ya kawaida, herufi moja huchukua nafasi ya baiti 1. Jifunze vipimo hivi:

Baiti 1,024 = kilobaiti 1
Kilobaiti 1,024 = megabaiti 1
Megabaiti 1,024 = gigabaiti 1

Tuseme ukurasa mmoja wa kitabu una herufi 2,000 hivi. Basi ukurasa huo huchukua karibu kilobaiti 2. Kumbukumbu ya gigabaiti 1 ingeweza kushika zaidi ya kurasa laki tano za namna hiyo.

Labda utauliza, "Ikiwa gigabaiti 1 hushika kurasa nyingi hivyo, mbona haitoshi?" Hilo ni swali zuri. Jibu lake utalipata katika sehemu ya 5. Kwanza fanya jaribio lifuatalo.

3. Jaribio: Meza ndogo na meza kubwa

Vifaa: Kadi nne, sanduku moja, karatasi, kalamu, chaki, na saa yenye mshale wa sekunde.

Namna ya kufanya:

(a) Andika namba hizi kwenye kadi: kadi A, 27, kadi B, 35, kadi C, 48, kadi D, 19. Weka kadi zote ndani ya sanduku. Peleka sanduku mita 20 kutoka kwenye meza.

(b) Chagueni wanafunzi watatu. Wa kwanza ni mkokotozi. Yeye hukaa mezani. Wa pili ni mchukuzi. Wa tatu hutazama saa na kuhesabu safari.

(c) Mkokotozi afanye hesabu hizi kwa mpangilio huu, na aandike majibu tu:
A + B
C + D
A + B
C + D
A + C
B + D

(d) Fuateni kanuni hizi. Mkokotozi lazima azisome namba kutoka kwenye kadi zilizo mezani. Haruhusiwi kutumia namba wala jibu alilolikumbuka kichwani. Mchukuzi huleta kadi moja tu kwa kila safari. Meza ikiwa imejaa, mchukuzi hurudisha kwanza kadi moja isiyohitajiwa na hesabu inayofuata, ndipo alete nyingine.

(e) Mara ya kwanza, chora kwa chaki nafasi 2 tu za kadi juu ya meza. Mara ya pili, chora nafasi 4. Mara ya tatu, chora nafasi 8. Kila mara anzeni na kadi zote zikiwa ndani ya sanduku.

Unaona nini? Chora jedwali katika daftari lako. Andika idadi ya safari na muda uliotumika kila mara.

Kama mmefuata kanuni zote, mtaona kwamba palipokuwa na nafasi 2 mchukuzi alikwenda safari 11. Palipokuwa na nafasi 4 alikwenda safari 4 tu. Palipokuwa na nafasi 8 alikwenda safari 4 vilevile.

Sasa fikiri. Mkokotozi alikuwa yule yule. Hesabu zilikuwa zile zile. Majibu pia yalikuwa yale yale. Mara ya kwanza mkokotozi alichelewa kwa sababu alikaa akimngoja mchukuzi.

Tumejifunza mambo mawili. Kwanza, meza ikiwa ndogo kuliko kazi, muda mwingi hupotea njiani. Pili, meza ikishatosha, kuipanua zaidi hakuleti faida. Kumbuka sana jambo hili la pili, maana wengi hulisahau.

4. Kumbukumbu inapojaa

Kompyuta nayo hufanya kama mlivyofanya. Tuseme mtu amefungua programu ya kuandikia barua. Kisha amefungua picha, na tena programu ya muziki. Kila programu inachukua nafasi katika kumbukumbu. Nafasi ikikwisha, kompyuta huchukua kitu ambacho hakitumiki wakati huo na kukihamishia kwenye diski. Kitu hicho kikihitajiwa tena, hurudishwa, na kingine huondolewa. Katika jaribio letu, kazi hiyo ilifanywa na mchukuzi.

Safari hiyo ya kwenda kwenye diski ni ndefu kiasi gani? Prosesa hupata kitu kilichomo katika kumbukumbu kwa muda usiozidi sekunde moja iliyogawanywa mara milioni kumi. Diski ya kisahani haiwezi kwenda upesi hivyo. Ni lazima mkono wake usogee, na kisahani kizunguke mpaka mahali panapotakiwa pafike chini ya mkono. Jambo hilo huchukua kama sekunde moja iliyogawanywa mara mia. Kwa hiyo, kutafuta kitu katika diski ya kisahani huchukua muda mrefu zaidi ya mara 100,000 kuliko kukitafuta katika kumbukumbu.

Tulinganishe na maisha yetu. Tuseme kuchukua kadi iliyo mezani ni kazi ya sekunde 1. Basi kuileta kutoka kwenye diski kungechukua sekunde 100,000. Gawanya kwa 3,600 upate saa. Utaona ni zaidi ya saa 27, yaani mchana na usiku, na saa kadhaa za siku ya pili! Prosesa hukaa muda wote huo ikingoja. Mtu aliyeketi mbele ya kioo huona mshale hausogei, naye hudhani kompyuta imekufa.

Kompyuta nyingi za siku hizi zina diski zisizo na kisahani wala mkono. Diski hizo hufanya kazi upesi zaidi kuliko zile za zamani. Hata hivyo, bado ni za polepole kuliko kumbukumbu.

5. Kwa nini kompyuta iliyokuwa nyepesi zamani huwa nzito leo?

Kompyuta ilipotoka kiwandani ilifanya kazi vizuri. Kumbukumbu yake haikupungua ukubwa. Ni nini basi kilichobadilika?

Kilichobadilika ni kazi inayopewa. Tazama programu kuu iitwayo Windows, ambayo huendesha kompyuta nyingi duniani. Kiasi cha chini cha kumbukumbu ambacho programu hiyo ilihitaji kimekuwa kikiongezeka kama ifuatavyo:

Windows 95, mwaka 1995: megabaiti 4
Windows XP, mwaka 2001: megabaiti 64
Windows 7, mwaka 2009: gigabaiti 1
Windows 11, mwaka 2021: gigabaiti 4

Kutoka mwaka 1995 hadi mwaka 2021 ni miaka 26. Katika muda huo, kiasi cha chini kiliongezeka mara 1,024. Kompyuta ya mwaka 2001 ni kama mwalimu aliyepewa meza ya kusahihishia madaftari arobaini, kisha akaletewa madaftari ya shule nzima.

Sasa tunaweza kujibu lile swali la kurasa laki tano. Siku hizi kompyuta haishiki maandishi tu. Hushika pia picha, sauti na sinema. Picha kwenye kioo imeundwa kwa vidoa vidogo vya rangi. Tuseme picha ina vidoa 1,000 kwa upana na 1,000 kwa urefu. Hivyo ni vidoa 1,000,000. Kwa kawaida kila kidoa huhitaji baiti 3 ili kuonyesha rangi yake. Picha hiyo moja inapokuwa wazi kwenye kioo huhitaji baiti 3,000,000. Hizo ni sawa na kurasa 1,500 za maandishi. Picha moja tu huchukua nafasi ya vitabu kadhaa!

6. Kompyuta ndogo iliyofika mwezini

Umeona kwamba kumbukumbu ikijaa, kompyuta huweza kuhamishia kazi kwenye diski. Lakini kompyuta isiyo na diski hufanyaje? Soma kisa hiki cha kweli.

Tarehe 20 Julai, 1969, Wamarekani wawili, Neil Armstrong na Buzz Aldrin, walikuwa wakishuka kuelekea mwezini katika chombo kilichoitwa Eagle. Kompyuta iliyokiongoza chombo hicho ilikuwa na kumbukumbu ya kazi ya kilobaiti 4 hivi. Kama ulivyojifunza, hizo ni sawa na kurasa mbili tu za maandishi.

Chombo kilipokuwa kikishuka, kompyuta ilitoa onyo kwa namba 1202. Maana yake ilikuwa kwamba nafasi za kuwekea kazi katika kumbukumbu zimejaa. Rada moja, ambayo haikuhitajiwa wakati ule wa kutua, ilikuwa ikipeleka ishara nyingi kwenye kompyuta na kuipotezea wakati. Kazi za zamani zilikuwa hazijakwisha, na kazi mpya zikazidi kuingia.

Wahandisi walioiandikia kompyuta hiyo programu katika chuo cha MIT, Marekani, walikuwa wamefikiri mapema. Waliipa kila kazi daraja lake. Kumbukumbu ilipojaa, kompyuta ilijianzisha upya mara moja. Iliziacha kazi za daraja la chini, ikaendelea na zile za kuongoza chombo. Onyo lilitokea tena mara kadhaa, na kila mara kompyuta ilifanya vivyo hivyo. Armstrong na Aldrin wakatua salama.

Wahenga walisema, mtaka yote hukosa yote. Kompyuta ile ilikuwa na meza ndogo mno, lakini ilijua kuchagua kipi kibaki mezani. Hata leo, mtu mwenye kompyuta yenye kumbukumbu ndogo anaweza kufanya mengi akijua kuchagua.

7. Kuchunguza kompyuta inayokwenda polepole

Daktari huuliza maswali kabla ya kutoa dawa. Nawe fanya hivyo unapoichunguza kompyuta, ukiwa pamoja na mwalimu wako.

Kwanza, fungueni programu moja tu. Je, kompyuta inafanya kazi vizuri? Kisha fungueni programu ya pili na ya tatu. Kama kompyuta inaanza kusuasua programu zinapoongezeka, na taa ya diski inawaka bila kupumzika, huenda kumbukumbu ni ndogo. Kama inasuasua hata programu ikiwa moja nyepesi, huenda sababu ni nyingine. Labda diski inaharibika, au vumbi limeziba mahali pa kupitisha hewa na prosesa imepata joto. Labda imeingiwa na programu yenye madhara.

Ikiwa tatizo ni kumbukumbu, tumieni dawa hizi kwa mpangilio:

(a) Fungeni programu zote ambazo hamzitumii. Dawa hii haina gharama.
(b) Zuieni programu zisizo na lazima zisijianzishe kompyuta inapowashwa.
(c) Tumieni programu nyepesi zinazolingana na umri wa kompyuta.
(d) Kama bado haitoshi, mwombeni fundi aongeze kibao cha kumbukumbu. Ni lazima kibao hicho kiwe cha aina inayokubaliwa na kompyuta hiyo. Vibao vya aina mbalimbali vina mikato mahali tofauti, na kibao kisicho chake hakiingii. Tena kila kompyuta ina kikomo cha kumbukumbu inayoweza kutumia.

Tahadhari: Usifungue sanduku la kompyuta wewe mwenyewe. Ndani mna umeme unaoweza kukudhuru. Tena, mwili wako unaweza kuwa na umeme tuli, ule unaotokea unaposugua rula kwenye nywele. Umeme huo mdogo waweza kuharibu kibao cha kumbukumbu, hata kama wewe huusikii.

8. Kwa nini tusitupe ovyo?

Kompyuta ikitupwa, haiozi kama ganda la ndizi. Kompyuta nyingi za zamani zina madini ya risasi ndani yake, na risasi ni sumu. Hudhuru ubongo, hasa ubongo wa watoto wadogo. Watu wengine huchoma nyaya ili wapate shaba. Moshi wake ni wa hatari kwa anayechoma na kwa jirani zake.

Mwaka 2022, duniani kote zilipatikana tani milioni 62 za takataka za vifaa vya umeme na elektroniki. Chini ya robo ya takataka hizo ndiyo iliyojulikana kuwa imekusanywa na kushughulikiwa ipasavyo. Kila kompyuta inayotengenezwa na kutumiwa tena hupunguza takataka hizo, na humpa mwanafunzi mwingine nafasi ya kujifunza.

Lakini hatusemi kwamba kila kompyuta ya zamani lazima ihifadhiwe. Iliyoharibika kabisa ipelekwe kwa wanaojua kuitenganisha kwa usalama. Tunachosema ni kwamba uchunguzi utangulie uamuzi.

Mambo uliyojifunza

Prosesa hufanya kazi, kumbukumbu hushika kazi ya sasa, na diski huhifadhi vitu kwa muda mrefu.
Kumbukumbu ikijaa, kompyuta hutumia diski, na hapo huenda polepole.
Programu za siku hizi huhitaji kumbukumbu kubwa kuliko za zamani.
Kuongeza kumbukumbu husaidia ikiwa ilikuwa haitoshi. Ikishatosha, kuongeza zaidi hakusaidii.

Maswali

1. Eleza tofauti kati ya kumbukumbu na diski.
2. Kwa nini mwandishi ahifadhi kazi yake mara kwa mara?
3. Picha ina vidoa 2,000 kwa upana na 1,500 kwa urefu. Kila kidoa huhitaji baiti 3. Picha yote huhitaji baiti ngapi?
4. Katika jaribio, kwa nini nafasi 8 hazikupunguza safari kuliko nafasi 4? Je, matokeo yangekuwaje kama kadi zingekuwa nane?
5. Kompyuta ya chombo cha Eagle ilifanya nini kumbukumbu yake ilipojaa?
6. Shule moja ina kompyuta mbili za zamani. Kompyuta ya kwanza ina kumbukumbu ya megabaiti 512. Hufanya kazi vizuri programu ikiwa moja, lakini husuasua zikiwa tatu. Kompyuta ya pili ina kumbukumbu ya gigabaiti 4. Hutumia gigabaiti 1 tu, lakini husuasua wakati wote. Mwalimu mkuu ana fedha za kununua kibao kimoja cha kumbukumbu. Akitie katika kompyuta ipi? Ile nyingine ichunguzwe nini? Jadilianeni darasani, kisha kila mmoja aandike sababu zake katika daftari.